Sketi ya Pindo la Kijani

Picha ilifika Kibaha saa mbili asubuhi, kutoka kwa polisi wa Uholanzi. Walikuwa wameficha kila kisichopaswa kuonekana. Ulibaki uso wa msichana wa miaka minane hivi, na nyuma yake cherehani na sketi ya shule yenye pindo la kijani.

Inspekta Mwanamkuu wa Dawati la Jinsia na Watoto aliitazama akiwa amesimama. Kisha akakaa.

Waholanzi walieleza kwamba picha zilitumwa kwa mwanamume wanayemfuatilia Rotterdam, kutoka simu iliyokuwa Misugusugu. Waliomba mtoto apatikane kwanza, ndipo wamkamate yule bwana, asije akamshtua mwenzake.

Pindo lile lilikuwa la shule moja tu. Mwalimu mkuu, Gregori, alipoonyeshwa uso alivua miwani. Alisema huyo ni Anjela wa darasa la pili, aliyeletwa kutoka Kurui akae kwa mama yake mdogo, Jenifa, fundi anayewashonea sare watoto wa shule nzima.

Mwanamkuu alitarajia kumkuta mwanamume katika nyumba ile. Hakuwepo. Jenifa aliishi na mtoto, wawili tu.

Askari wa kike alimpeleka Anjela hospitali, na mama yake akaitwa kutoka Kurui. Simu ya Jenifa iliingia kwenye mfuko wa vielelezo. Rotterdam wakapewa taarifa; ndani ya saa moja nao walikuwa na mtu wao.

Kituoni, Jenifa alianza kwa kusema picha zilikuwa za kumwombea mtoto ufadhili.

"Hizi?"

Mwanamkuu akaweka mezani mfuko wenye simu.

"Nani alizipiga?"

"Mimi."

"Ulijua anazitakia nini?"

"Nilijua tangu alipoomba ya pili." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Aliniahidi ndoa, afande. Alisema nikikataa atatafuta mwingine. Nina miaka arobaini na moja. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ananipenda."

Mwanamkuu alikuwa ameandika maungamo mengi. Kwa hilo, kalamu ilikwama.

"Ameniulizia?" Jenifa akauliza.

Ujumbe wa Rotterdam ulikuwa mezani.

"Kwenye simu yake huna jina," Mwanamkuu alisema. "Umeandikwa Tanzania Nne."

Jenifa alifunika uso. Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni, akiwaomba Waholanzi picha za Tanzania Moja, Mbili na Tatu.