Duka Lisilo na Komeo

Kwa taadhima yote inayostahili, natangaza kwamba penzi la dada yangu Solvej na Asger ndilo penzi tukufu kuliko yote yaliyowahi kuchipuka katika jiji la Aarhus. Lilianza kwa dada kumdhania jamaa ni mwizi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko limefurika, mvua nyembamba inanyunyizia jibini na samaki wa moshi. Solvej aliacha meza yake ya nyuzi za sufu bila mtu, kopo la pesa likiwa wazi katikati, akaenda kutafuta kahawa. Aliporudi, sweta lake la rangi ya haradali limelowa mabegani, alimkuta mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la bluu amesimama mbele ya kopo kama askari wa kasri.

"Kaka, umepotea au unaiba?"

"Nalinda. Nilikuwa napita, nikaona kopo liko peke yake. Miguu imekataa kuondoka."

"Nani kakutuma?"

"Woga."

Solvej alicheka mpaka kahawa ikammwagikia vidoleni. "Baba yetu anauza viazi kando ya barabara kule kisiwani Samsø. Kibanda, kisanduku, basi. Watu wanachukua, wanaweka pesa, wanakwenda zao. Haijapotea hata sarafu."

"Kule wanapita majirani, bibie. Hapa tunapita sisi."

Asger alinunua soksi ambazo hazikumtosha, ili apate sababu ya kuandika kulalamika.

Kazi yake ni kulinda tovuti za biashara. Kwa hiyo walipokaa bandarini, tayari wapenzi, wakila samaki wa kukaanga juu ya mkate mweusi, hakuweza kujizuia.

"Duka lako la mtandaoni, nenosiri wanalijua akina nani?"

"Mimi. Shangazi Birthe anayefunga vifurushi. Msichana anayenipigia picha za nyuzi. Binamu zangu. Mdogo wangu Tilde, yuko shule ya bweni."

"Na ni neno gani?"

"Sufu."

Asger aliweka uma chini. "Mpenzi, hilo si nenosiri. Hilo ni bango."

"Wateja wangu wananiamini."

"Wanakuamini wewe. Majina yao na anwani zao wamekukabidhi wewe. Atakayeingia nyuma yako hawamjui."

"Basi chukua na wewe hilo neno, uniangalizie. Kubadilisha tutabadilisha kesho."

Kesho hiyo ilikuwa na miguu mizito. Penzi, kwa upande wake, lilistawi mahali pa ajabu: kwenye kisanduku cha ujumbe wa wateja wa duka. Asger alikuwa ameandika humo kulalamikia soksi, na hawakuwahi kuhama. Kati ya bibi aliyeulizia uzi wa kijani na bwana aliyevunja sindano, ungekuta: "Nimekukumbuka leo mpaka wenzangu ofisini wameniuliza naumwa nini."

Ikakaribia likizo ya Oktoba, wakati nchi nzima hukumbuka kwamba baridi inakuja na inabidi kufuma. Oda zilimiminika. Ndipo Asger akaona kuna mtu anaingia dukani kwa mlango wa mwenye duka, kutoka mji wa mbali upande wa magharibi. Alimpigia Solvej, hakupatikana. Alikuwa kwenye kivuko cha kwenda Samsø, mtandao umekatika. Asger akahofia wateja, akalifunga duka na kubadilisha nenosiri.

Kivuko kilipotia nanga, simu ya Solvej ilikuwa inachemka.

"Umenifungia nje ya duka langu?"

"Sikiliza, kipenzi, kuna mtu..."

"Yupo, ndiyo. Wewe. Nimekupa neno ulinde, umejifanya mwenye nyumba."

Akakata.

Jioni hasira ilipopoa, alisoma ujumbe wote wa Asger kuhusu mtu aliyeingia. Kama anwani za watu zilikuwa mikononi mwa mwizi, nani angenunua kwake tena? Hakuwa na kazi nyingine. Hata hivyo hakuficha. Aliwaandikia wateja wote: huenda kuna mtu ameingia, kosa ni langu, nikijua zaidi nitawaambia.

Asger alichunguza bila kupumzika, kisha, Solvej aliporudi Aarhus, akaendesha baiskeli hadi mlangoni kwake, nywele zikichuruzika maji.

"Hakuna kilichochukuliwa," alisema kabla hajasalimia. "Namba za kadi hazikai dukani kwako, na anwani hazijafunguliwa hata moja."

Solvej alikaa kwenye ngazi, pumzi ikamtoka kama mtu aliyetua gunia.

"Nisamehe kwa maneno yangu."

"Na mimi kwa kufunga bila ruhusa yako."

"Sasa huyo mtu alitaka nini?"

Asger aliona haya. "Alifungua kitu kimoja tu. Barua zetu. Kila siku baada ya chakula cha jioni."

"Huo mji una nini?"

"Nguruwe, kanisa, na shule ya bweni."

Simu yangu ililia papo hapo: namba ya Asger, sauti ya dada.

"Tilde."

"Naam, dada mpendwa."

"Umeona hadithi yetu ni tamthilia?"

Nilijitetea kwamba bwenini hakuna burudani, na kwamba duka lilipofungwa, tuliathirika sisi kuliko wateja. Utetezi ulikataliwa. Niliamriwa kufunga vifurushi likizo yote ya Krismasi. Asger alisema nenosiri jipya ni refu kuliko jina la mfalme, na atakayeingia ataombwa pia namba inayotumwa kwenye simu ya Solvej.

"Wateja wamejibu," nikamsikia Solvej, sauti laini. "Wanasema ahsante kwa kusema ukweli."

"Solvej."

"Mm."

"Nimechoka kulilinda duka lako nikiwa kwangu. Nioe. Au nikuoe. Vyovyote."

"Ndiyo, mlinzi wangu. Vyovyote."

Yakafuata makofi na mluzi.

"Asger, simu hukukata?" Solvej aliuliza. "Tilde, bado upo?"

"Nipo," nilikiri. "Na bweni zima."