Bakuli la Pili Nilimnywesha kwa Kofi

Nina umri wa miaka hamsini na nne, wasomaji wenzangu. Mambo haya nimekaa nayo miaka mingi hadi yameniozea kifuani. Leo nayatoa, na atakayenitukana anitukane!

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nauza viatu Kariakoo. Watanzania waliokuwa wakifuata mzigo Guangzhou, Uchina, walikuwa wa kuhesabika. Nilipanga chumba huko na mdogo wangu Mwanaidi, wa miaka ishirini na mbili, niliyemwomba kwa mama kwa maneno mengi matamu ili aje anisaidie kuchagua mzigo. Mimi ni mtu wa hasira tangu utotoni. Nyumbani waliniita Pilipili, nami nikijisifia jina hilo!

Wakati huo nilikuwa na tumbo la mwezi linalonigaragaza sakafuni, na miguu baridi hata wakati wa joto kali. Bi Saumu, mfanyabiashara wa Mombasa tuliyekuwa jirani naye, akanipeleka kwa mzee Liang, tabibu wa mitishamba aliyekuwa na duka uchochoroni nyuma ya soko.

Mzee alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kulia kisha kushoto, macho ameyafumba. Akanitazama ulimi. Mpwa wake, msichana aitwaye Meilin, alinitafsiria kwa Kiingereza: mwili una moto na baridi, afya ni viwili hivyo kupatana, na kwangu baridi imeshinda. Akanifungia pakiti za tangawizi kavu, mdalasini na mizizi mingine nisiyoijua. Vipande fulani vyeusi alivifunga katika karatasi ya peke yake.

Vile vyeusi vina sumu, alisema. Vichemshwe kwanza peke yake, saa nzima na zaidi, ndipo vitiwe vingine. Tena akaninyooshea kidole: dawa hii ni ya mwili wako, mtu mwingine asiiguse. Nikaitikia sawa, sawa... huku akili yangu iko kwenye viatu.

Yangu niliichemsha kama alivyosema, na dawa ilinifaa! Baada ya wiki chache miguu ilipata joto na tumbo likatulia. Nikamsifia mzee kwa kila niliyekutana naye.

Sasa ninyi mnajua kwetu kulivyo. Mmoja akichemsha mwarobaini, sufuria ni ya nyumba nzima! Mwanaidi alipoanza kuumwa tumbo, alikuwa na homa, kiu isiyokatika na ulimi mwekundu. Yeyote aliyemsikiliza mzee angejua kwamba ule ni moto, si baridi. Mimi nilisema tumbo ni tumbo. Duka la mzee halikuwa mbali, lakini asubuhi hiyo kontena langu lilikuwa linapakiwa bandarini Huangpu na ajenti ananisubiri. Nikatia kila kitu sufuriani pamoja, pakiti mbili badala ya moja ili apone upesi. Nikachemsha robo saa tu.

Bakuli la kwanza alikunywa. La pili akalisukuma.

"Dada, mdomo umekufa ganzi. Hii dawa siitaki."

"Acha kudeka! Mimi nimekunywa wiki tatu, nimekufa?"

Akafumba mdomo. Nikamzaba kofi, mdomo ukapasuka. Nikambana pua, na alipofungua kinywa apumue nikammiminia dawa yote. Alikunywa pamoja na damu yake, analia, ananitazama... Ee Mola wangu, yale macho!

Sikuwa hata nimevaa viatu alipoanza kutapika. Vidole vikajikunja. Akasema hasikii miguu. Niliweka mkono kifuani pake: moyo unakimbia, unasimama, unakimbia tena.

Mwenye akili angefanya nini? Angeita teksi, angempeleka hospitali! Mimi hofu yangu hugeuka hasira. Nilimwachia Bi Saumu mgonjwa, nikatoka mbio kwenda kwa mzee Liang... kumpiga!

Sikusalimia. Nilivuta droo za dawa nikazimwaga, nikamkaba mzee shingo nikambamiza ukutani. Alipoweka mkono mezani ili asianguke, nilinyakua mchi wa shaba nikaviponda vidole vyake. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nikapiga tena! Meilin alinivuta nywele, nikamng'ata mkono hadi damu ikatoka. Wauza matunda wa nje waliingia wakanilaza chini, nami napiga kelele kwa Kiswahili kwamba mzee huyu ameniulia mdogo wangu.

Walichukua muda mrefu kunituliza. Meilin alipoelewa hatimaye kwamba kuna mtu amekunywa dawa yangu, alimwambia mjomba wake. Mzee, mkono unavuja damu, aliuliza swali moja tu: vipande vyeusi vimechemshwa kwa muda gani?

Jibu alilisoma usoni mwangu. Aliacha duka wazi, akatukimbiza kutafuta teksi.

Tulimkuta Mwanaidi sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya Bi Saumu, bado anapumua kidogo kidogo. Ndani ya teksi nilimpakata. Mzee alikaa karibu yake, mkono wa kulia ameuzungushia kitambaa, wa kushoto akimshika mdogo wangu mapigo. Bado tuko njiani, aliuachia mkono wake polepole. Nikaelewa.

Daktari hospitalini aliuliza kupitia kwa Meilin: kwa nini hamkumleta alipoanza kutapika? Mlikuwa wapi? Nilikuwa napigana!

Tulimzika kwenye makaburi ya Waislamu ya mji ule. Polisi walikuja kwa ajili ya vidole vya mzee. Aliwaambia hataki kesi, msiba unatosha. Baadaye Bi Saumu alinieleza kwamba vidole viwili havikunyooka tena, na mkono huo ndio aliokuwa akipimia wagonjwa.

Mnadhani niliporudi nilisema ukweli? Nilimwambia mama kwamba tabibu wa Kichina alimpa mwanawe sumu. Mama aliniamini. Alipokuwa akikata roho alinishika mkono akaomba: "Mungu amlipe aliyemnywesha mwanangu."

Na mimi, bintiye, nilisema amina.

Ndugu zangu, nawaombeni... Dawa ya mtu ni ya mtu. Tabibu akisema chemsha saa nzima, chemsha saa nzima. Mgonjwa akiikataa, msikilizeni, yeye ndiye anayeionja. Na mtu wako akianguka, mbebe kwanza. Wa kupigana naye hakimbii. Mimi nilimlaani muuaji wa Mwanaidi mbele ya mama yangu, naye mama akafa akiwa ameushika mkono wake.