Kayamba Isiyo na Mwenyewe

Mtoto alifungua mdomo alie, kilio kikatokea kabatini.

Mama yake, fundi cherehani, alidhani ni masikio yake mwenyewe. Mzazi asiyelala husikia mengi. Akampa titi, akaendelea kuzikasirikia zawadi, maana chumbani hapakuwa na pa kukanyaga. Dubu wa manyoya mkubwa kuliko baba wa mtoto. Viatu jozi nne, vya mtu ambaye hajajua hata kama ana miguu. Gari la polisi lenye king'ora. Nguo zote za mtoto wa siku moja, kana kwamba huyu ameapa hatakua. Beseni la kumwogeshea, hakuna. Nepi za kufua, hakuna. Mtu wa kuja kusema "lala, leo nafua mimi", huyo ndiyo kabisa. Mpira wa vipande vya sketi, ambao fundi angeushona kabla maji ya chai hayajachemka, ungemfaa mtoto kuliko dubu mzima, lakini nani atakubali kuonekana ameleta matambara?

Siku ya tatu akaelewa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, cherehani imesimama. Mtoto akakunja uso, mishipa ya shingo ikamtoka, mdomo ukaachama mpaka fizi zote zikaonekana, na sauti hamna. Kilio kilikuwa kule. Fundi akafungua kabati, akasukuma viatu, akasukuma fulana, mkono ukapapasa mpaka ukagusa kayamba ndogo ya mbao, ya kuchezea mtoto, yenye mpini, yenye baridi ya kitu kilichotolewa kwenye friji, inanuka maziwa yaliyochacha, na ndani yake, humo humo penye punje, mwanawe alikuwa analia.

Hospitali walimwangalia koo, wakasema zima, mama apumzike. Apumzike! Na kila siku kile kilio kilikuwa kinafifia, kana kwamba anayekibeba anatembea nacho, amevuka chumba, amevuka uwanja, anashika njia.

Akaenda kwa bibi mganga, ajuza mwenye kikohozi na maneno machache. Mganga akaishika kayamba kwa taulo, akainusa.

"Zawadi hii."

"Ndiyo bibi, ya mwanangu."

"Si ya mwanao. Ilishapewa mtoto mwingine, wa wale tusiowaona. Kuna mtu wako kaiokota, akaja kukuzawadia. Sasa mtoto wao naye katafutiwa kitu kingine cha kuchezea."

"Kitu gani?"

Mganga akamtazama mtoto aliyekuwa ameachama bila sauti, akakohoa.

"Aliyeiokota airudishe alipoitoa, kwa mkono wake. Aiweke, anyamaze, aondoke. Na muwahi. Sauti ikishazoea kwingine, hairudi."

Rahisi kusema. Zawadi zilirundikwa kitandani siku moja, nani akumbuke ya nani? Fundi akauliza mmoja mmoja. Kayamba? Mimi? Hata siijui. Kila mtu alileta kitu kizuri, kayamba ilijileta. Mpaka akachoka kubembeleza watu wazima, akawaita wote, akatandika mkeka, akamwaga vitu vyote juu yake.

"Kila mtu ashike alichokileta, tupige picha ya shukrani."

Watu watatu wakashika blanketi moja. Wawili wakagombania dubu.

"Dubu wangu huyu, shangazi!"

"Wako wapi, na mimi ndiye niliyembeba juani?"

Mkeka ukabaki na kayamba peke yake. Na wifi yake, muuza mitumba, akabaki na kikombe chake cha chai.

"Wifi, chako kipi?"

"Mimi nilileta pampasi, wifi. Zimeshatumika. Au nikashike za jalalani?"

Watu wakacheka. Wakacheka mpaka mtoto alipoachama mapajani mwa mama yake, na pale mkekani, ndani ya ile kayamba, kikasikika kilio chembamba, cha mbali sana, kama cha mtoto aliyesahauliwa upande wa pili wa mji. Aliyeshika dubu akamwachia. Wifi akakiweka kikombe chake chini.

"Sikuwa na kitu," akanong'ona. "Ningekuja mikono mitupu? Si mngenisema mwaka mzima?"

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye ile nyumba isiyo na paa, nyuma ya kiwanda cha matofali. Ilikuwa ngazini, juu ya kitambaa safi. Nikajua imeachwa."

"Kitambaa safi! Kitu kilichoachwa hutandikiwa kitambaa, wifi? Una akili wewe?"

Wakaondoka saa hiyo hiyo, mtoto mgongoni kwa mama yake, wifi mbele na kayamba mkononi, wakapita tanuru za matofali, wakapita majani yaliyowafika kiunoni, harufu ya maziwa yaliyochacha ikizidi kila hatua, na walipokaribia ile ngazi wakasikia ndani ya kuta zile tupu mtoto anacheka, anacheka kwa sauti ya mtoto aliyekuwa mgongoni, na sauti ya mwanamke inamwambia polepole, kwa uchovu wa mama yeyote, "Basi, basi, mrudishie mwenzio."

Wifi akainama. Akaiweka kayamba kwenye kitambaa. Kayamba ikatikisika yenyewe, mara moja, na papo hapo mgongoni kwa fundi kikalipuka kilio kikubwa, cha hasira, cha njaa ya siku zote zile. Fundi akalia naye.

Wifi, kwa furaha, akageukia mlango ule mtupu, akaweka mikono kifuani.

"Asanteni sana jamani. Karibuni na kwetu."

Fundi akamshika mkono. "Umesema nini? Si bibi alisema uweke, unyamaze?"

"Si adabu tu, wifi!"

Nyumbani mtoto alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Fundi hakujali. Alie, ana deni la siku nyingi. Akakaa naye kitandani, akamtazama anavyofungua mdomo na sauti inavyotoka mle mle mdomoni, inakotakiwa.

Kisha mtoto akafunga mdomo, akavuta pumzi, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikaingia chumbani. Kilio hakikukatika.