Seva Iliyoitwa Kiema

Harufu ya udongo mbichi ilianza saa sita mchana, na Kitengela haikuwa imeona mvua tangu Mei. Ndanu alifungua dirisha la chumba cha kompyuta, akapigwa na vumbi la barabarani, akalifunga. Harufu ilikuwa inatoka ndani ya seva.

Alikuwa ameiunda mwenyewe, kwa programu za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzirekebisha. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa mtandao wa chuo: mwenye jina na nywila aingie, asiye navyo abaki nje. Mafundi wengine huziita seva zao kwa majina ya sayari. Ndanu, kwa uchungu, aliipa yake jina la kaka yake Kiema, waliyekuwa wametoka kumzika. Kwao Ukambani jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, ili arudi nyumbani. Lakini mjane wa Kiema, Katee, mimba yake ilikuwa bado changa, na Ndanu akashindwa kungoja.

Sasa Katee alikuwa amejifungua mvulana, kule Kajiado mjini. Nyanya yake akamwita Kiema. Tangu siku hiyo seva ilimkataa kila mtu isipokuwa Ndanu.

"Hii kitu iko na majini," Njuguna, mkuu wa chuo, alinong'ona bila kuvuka mlango. "Zima, madam. Zima tu."

Akazima. Papo hapo simu yake ikalia.

"Ndanu, mtoto amewacha kupumua!" Katee alikuwa analia. "Amekuwa akinguruma kifuani kama mashine, sasa amenyamaza!"

Ndanu akaiwasha seva, na feni yake ilipoanza kunguruma akamsikia mtoto akivuta pumzi.

Alijaribu kuibadilisha jina. Ikajirudishia lile lile. Akamwita Pasta Maweu, naye akaomba mpaka sauti ikamkauka. Ndanu akahamia pale kwenye seva na blanketi, akiogopa kila kitu.

Ijumaa mchana stima zikapotea. Betri ya akiba ikaanza kulia, pii, pii. Njuguna akakimbia kutafuta jenereta. Katee akapiga.

"Analia vibaya, Ndanu. Kidogo kidogo. Sikiza."

Akasikiza, simu kwenye sikio la kushoto na betri kando ya lile la kulia, na vilio hivyo viwili vikaenda sambamba, vikikaribiana, vikidhoofika, huku akimwita Njuguna, akimwita Mungu, akimwita kaka yake kwa jina ambalo hakujua tena ni la nani, mpaka sikio la kulia likawa kimya, na Ndanu hakuthubutu kusikiliza kwa la kushoto.