Nani Ameshusha Wimbo?

Kila alasiri, masomo yakiisha, wanakwaya wa shule walisukuma madawati hadi ukutani na kusimama makundi mawili. Dirishani walisimama wa sauti ya kwanza, wanaoimba juu. Mlangoni wa sauti ya pili, wanaoimba chini. Utani kati yao haukuisha. Kundi lililokosea ndilo lililofagia chumba siku hiyo. Kiongozi wa mlangoni alikuwa binti wa fundi cherehani, na sauti yake nzito ilimpatia jina la Besi, jina alilolipenda.

Jumatano hiyo utani ulitumbukia nyongo. Waliimba wimbo wa mashindano bila kinanda, kama sheria ilivyotaka. Walipomaliza, mwalimu wa muziki alibonyeza noti waliyopaswa kuishia nayo. Kinanda kilikuwa juu, wao walikuwa chini. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo wimbo kushuka njiani.

"Ni hawa wa mlangoni," alisema Filimbi, kiongozi wa sauti ya kwanza. "Wanatuvuta chini. Sauti zenyewe nzito kama magunia."

Wenzake wakacheka. Besi damu ilimchemka.

"Kuimba chini siyo kushuka," alijibu. "Sisi tunaimba tulichopangiwa."

Mwalimu alifunga daftari lake. "Mashindano ni Jumamosi. Kesho mkishuka tena, sauti ya pili naiondoa. Wimbo wote utaimbwa kwa sauti ya kwanza peke yake."

Besi hakuamini masikio yake. Miezi miwili ya mazoezi itupwe hivi hivi? Yeye noti za juu zilimkaba koo. Angekaa benchi akiwapigia wenzake makofi. Na bado Filimbi alimletea fagio, akamwekea mkononi bila hata kumwangalia. Besi alifagia kwa hasira mpaka vumbi likamkohoza.

Nyumbani alimkuta mama yake kwenye cherehani, akipindia sketi ya mteja.

"Mama, tumeonewa," alisema kabla hata ya kuvua viatu, akamweleza yote.

"Pole, mwanangu. Na nyinyi mliimbaje?"

"Kwa nguvu zote. Niliwaambia wenzangu tukaze mpaka wale wa dirishani wasisikike."

Mama alisimamisha cherehani. "Mlikaza wao wasisikike. Sasa wewe uliwasikia?"

Besi alinuna. Alitaka mtu wa kumtetea, si wa kumhoji. Alikwenda kuosha vyombo akivigonganisha, naye mama akaendelea na sketi yake.

Kesho yake hakungoja kuulizwa. "Mwalimu, naomba tupime kila kundi peke yake," alisema. "Aliyeshusha aonekane."

"Tupime," alisema Filimbi, mikono kiunoni.

Sauti ya kwanza waliimba peke yao. Mwalimu alibonyeza kinanda, na noti ikalingana nao barabara. Filimbi akatabasamu. Zamu ya sauti ya pili ilipofika, waliimba kwa uangalifu mpaka mwisho, na kinanda kikalingana nao vilevile. Kila mmoja alikuwa amekuja na mkosaji wake, na sasa mkosaji hayupo.

"Imbeni pamoja," alisema mwalimu.

Waliimba pamoja, na wimbo ukashuka.

Swali la mama lilimrudia Besi. Hata sasa hivi hakuwa amesikia hata neno moja kutoka dirishani, kwa sababu alikuwa akipiga kelele. Hasira yote aliyowawekea wengine ikamgeukia mwenyewe. Kukiri mbele ya Filimbi kulikuwa kuchungu, lakini kuwaacha wenzake wabebeshwe kosa lake kulikuwa kuchungu zaidi.

"Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tukaze, tuwafunike hawa," alisema. "Siwasikii kabisa."

Filimbi alichezea kifungo cha shati lake. "Na mimi niliwaambia wangu hivyo hivyo," alisema taratibu.

Mwalimu aliwatazama wote wawili. "Basi imbeni tena. Safari hii, kila mtu aimbe kwa kiasi cha kumsikia mwenzake wa upande wa pili. Usipomsikia, punguza."

Wakaanza polepole. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo Besi alisikia sauti za dirishani zikipita juu ya sauti yake, na yake ikizibeba kwa chini. Alijisikia vibaya kwamba kitu kizuri hivyo alikuwa akikifunika kwa makusudi. Mwalimu alibonyeza kinanda. Hakuna aliyekuwa juu, hakuna aliyekuwa chini.

"Sauti ya pili inabaki," alisema mwalimu. "Shindaneni, sikatazi, kushindana kunawafanya mjifunze. Lakini anayeimba ili mwenzake asisikike hawezi kujisikia hata yeye mwenyewe. Na kosa likitokea, anzeni kujiuliza nyinyi kabla ya kumnyooshea mtu kidole."

"Leo nani anafagia?" aliuliza mtoto mmoja.

Filimbi alichukua fagio. Besi akachukua la pili, akaanzia upande wa dirishani.