Mjane, Mtafiti na Mama Mkwe

— Zima hicho kinasa sauti kwanza.

Mtafiti aliinua macho. Mkono wake ukasita juu ya meza.

— Tuko katikati ya mazungumzo, dada. Kuna tatizo?

— Lipo. Nina swali ambalo si la utafiti, na sitaki profesa wako alisikie.

Akabonyeza. Taa nyekundu ikazimika. Kile chumba kidogo cha chuo, chenye viti viwili na boksi la tishu, kikabaki chao wawili tu.

— Haya, uliza.

— Unanipenda?

Mwanamke huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wenzake hospitalini walimwita King'ora, kwa sababu hata akiongea kwa upole watu walimpisha njia. Mumewe alikuwa fundi wa nguzo za umeme. Siku aliyopigwa na shoti pale njia panda, simu ya dharura iliangukia zamu ya mkewe. King'ora alikwenda mbio kuokoa mtu asiyemjua, akamkuta wake. Akamkimbiza mwenyewe hospitali. Hakufika hai.

Tangu siku ile hakupita tena njia panda ile. Alizunguka. Lakini kwa dereva wa dharura, kuzunguka kunaweza kugharimu roho ya mtu. Ndiyo maana alipoona tangazo la utafiti kuhusu msiba na kiwewe, alijiandikisha. Pale wafiwa walisimulia siku yao mbaya kuliko zote huku mapigo ya moyo yakipimwa. Kisha walijifunza kuisimulia upya, kana kwamba wamesimama ng'ambo ya barabara wakijitazama.

“Hatukufundishi kusahau,” mtafiti alimwambia siku ya kwanza. “Tunataka kujua kama uchungu unaweza kushikwa bila kukuunguza.”

Sasa mtafiti huyo huyo alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

— Siruhusiwi kujibu.

— Sikuuliza ruhusa. Nimeuliza moyo.

— Wewe ni mshiriki wangu. Umenieleza mambo ambayo hujamweleza mtu. Nikikujibu leo nitakuwa nimekuvizia kidonda kikiwa wazi.

— Kwa hiyo ni ndiyo.

— Dada, tafadhali...

— Nimesikia. Washa kinasa chako tuendelee.

Kikao kilichofuata, kiti cha mtafiti kilikuwa na mtu mwingine, mama mmoja mwenye sauti laini.

— Nitaendelea nawe mimi.

— Mwenzako yuko wapi?

— Ameomba asikuhudumie tena. Usiumie. Wafiwa wengi humpenda mtu wa kwanza aliyewasikiliza mpaka mwisho. Huwa inapoa.

King'ora alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Alipotoka tu akamwandikia mtafiti kwenye simu: “Umenikabidhi kwa mwenzako kama zamu? Ungeniambia mwenyewe!”

Jibu lilimkuta jikoni kwake: “Nimemweleza profesa ukweli wote. Amenikataza kuwasiliana nawe mpaka vikao vyako viishe, na ana haki. Huu ni ujumbe wa mwisho, anajua ninautuma. Usiache utafiti kwa ajili yangu. Una barabara ya kupita.”

Alisonya. Kisha akatabasamu. Mama mkwe wake, aliyeishi naye tangu msiba, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

— Nani huyo, mwanangu?

— Mambo ya kazi, mama.

— Mimi ni mzee, si kipofu.

King'ora hakuwa mtu wa kona kona.

— Ni mwanamume, mama.

Mama akaweka kikombe mezani bila kunywa, akaingia chumbani kwake. Kuanzia hapo wakawa wanapeana salamu na funguo za nyumba tu. King'ora, aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa binti mdogo, aliona anafiwa na mama kwa mara ya pili, tena mama akiwa hai.

Asubuhi moja wakiwa zamu, simu ya dharura ikaita. Mama mjamzito, damu nyingi, ng'ambo ya njia panda. Muuguzi aliyeketi kando yake alimtazama.

— Tuzunguke kama kawaida?

— Hapana. Tunapita.

Nguzo ikatokea mbele. Moyo ukaenda mbio. King'ora akajitazama kama kutoka ng'ambo: mwanamke yule kwenye usukani, anaumia, na anajua kuendesha. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, mikono haikutetemeka. Mjamzito alifika hospitali akiwa hai, na mtoto wake pia.

Mchana ule hakusubiri salamu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe.

— Mama, leo nimepita pale.

Mama alishika ukingo wa kitanda.

— Siku zote nimeogopa kukuuliza. Alisema chochote, mwanangu, mle kwenye gari?

— Alisema, “Mke wangu, leo ndiyo nimejua kwa nini wanakuita King'ora.”

Mama alitoa kicheko kilichokatika na kuwa kilio. Wakashikana, wakalia mpaka wakachoka. Kisha mama akajifuta kwa upindo wa kanga.

— Huyo wa kwenye simu, habari za mwanangu anazijua?

— Zote. Yeye ndiye niliyemsimulia wa kwanza.

— Mtu mwingine angekuja hapa tukaanza kumtaja marehemu kwa kunong'ona. Huyo hatutamficha kitu. Vikao vikiisha, mlete nimwone.

Vikao viliisha. King'ora akapiga simu.

— Halo?

— Swali langu bado halijajibiwa.

Mtafiti akavuta pumzi.

— Nilijihoji kwanza, nisije nikachanganya huruma na mapenzi. Nimewasikiliza wafiwa wengi baada yako. Hakuna anayenifanya nikimbilie dirishani kila gari la wagonjwa likipita. Ndiyo, nakupenda. Lakini wewe? Wanasema ulinipenda kwa sababu nilikusikiliza.

— Ni kweli. Kuna wanaopenda mtu kwa ajili ya shati! Ila wewe unanijua mpaka mifupa, mimi nakujua miwani tu. Kwa hiyo sasa utaongea wewe.

Akaongea. Kwenye kantini ya hospitali, mchana baada ya mchana, kwa miezi kadhaa. King'ora akajua kwamba jamaa anaogopa kuku, anaimba vibaya, na hajui kusema “hapana” kwa dada zake. Haikupoa.

Siku ya posa, mjomba wa mtafiti alisafisha koo sebuleni kwa King'ora.

— Nani anasimama kwa niaba ya binti?

— Mimi, — akasema mama mkwe.

— Samahani, mama. Si wewe ndiye mzazi wa marehemu?

— Ndimi. Huyu aliingia kwangu akiwa mkwe. Mwanangu ameondoka, ameniachia binti. Ninayemwozesha ni mimi, na sharti langu ni moja. Picha ya mwanangu, ile pale ukutani, haishuki.

Wote wakamgeukia mtafiti. Hakumsubiri mjomba.

— Mama, tunaomba na nakala, tuiweke kwetu pia.

King'ora akainama, mabega yakaanza kutikisika. Mama akamvutia kifuani.

— Lia, mwanangu, hapa ni kwenu.

Kisha akamgeukia mjomba, sauti imenyooka kama rula.

— Haya, mkwe mwenzangu. Tuzungumze siku ya harusi.