Nilichonga Jina Lake kwa Patasi Yangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na minane, ni seremala hapa Mafinga. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na imenichukua siku nne. Mtajua kwa nini najivunia jambo dogo namna hiyo...

Miaka michache iliyopita nilikuwa natengeneza madawati katika misheni moja upande wa Iringa. Akaja mgeni kutoka Ulaya, mama mmoja mchoraji, akakaa nasi miezi mitano. Alitaka kujifunza nakshi za mikeka na vikapu vyetu, naye atufundishe kazi yake: kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino, kisha kuugandamizia karatasi. Nilipoiona picha ya kwanza ikibanduka, moyo wangu ulihama kabisa kwenye madawati!

Aliyetutafsiria ni mwalimu Festo, rafiki yangu tangu utotoni. Mimi sikujua kusoma. Mama yangu alinisihi niende darasa la watu wazima pale shuleni, nikamjibu kwamba siwezi kukalia madawati niliyoyatengeneza mwenyewe huku watoto wananicheka. Kiburi gani kile?

Mvua zilipoanza, Mama akafariki. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nikauchonga uso wake upesi kabla haujanitoka kichwani: kovu la shavuni, jicho moja dogo kuliko jingine, khanga begani. Sijawahi kuchonga kitu kama kile, wala sitachonga tena.

Mgeni wetu alipokuwa akiondoka, alituambia kwao kuna nyumba ambamo wasanii wa nchi mbalimbali hualikwa kukaa mwaka mzima, wafanye kazi na kufundishana. Festo akasema ataniandikia maombi. Alinieleza kwamba wanataka picha sita, na kila ubao uwe na jina la mchongaji. Herufi huchongwa kinyume ili karatasini zisomeke sawasawa. Basi akanichorea jina langu, nami nikalifuata mstari kwa mstari. Sikumwonyesha mtu mwingine. Niliogopa kuambiwa nilisome.

Jibu lilipokuja, Festo alinisomea kwa sauti ya huzuni: wamekataa. Haikupita muda akahamia Mbeya. Akaomba mbao zote sita na karatasi zake, ati amwonyeshe bwana mmoja mpenda picha. Nikampa. Hata ule wa Mama nikampa...

Miezi ikapita, kimya. Nikapanda lori hadi Mbeya. Mkewe alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniambia mumewe yuko Ulaya. Nikauliza amefuata nini huko.

"Si zile picha zake, shemeji? Walizipenda, wakamwita."

Ukutani palikuwa na uso wa Mama. Nikamwomba anisomee maandishi yaliyopita begani. Akasoma jina la mumewe.

Nilikuwa nimechonga jina la mwizi wangu, mara sita, kwa mkono wangu! Nilimweleza yote mke wa Festo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema kwa upole, "Lakini jina ni lake, shemeji." Akaibandua ile picha, akanipa, maana aliona ninalia.

Ningemshitaki wapi? Kwa ushahidi gani? Anwani ya mgeni wetu alikuwa nayo Festo peke yake. Kwenye ofisi ya kata walinisikiliza, wakaniuliza kama nina karatasi yoyote. Sikuwa nayo.

Festo aliporudi nilimwendea. Hakukana. Alisema mbao zimebaki kule, zimetolewa zawadi. Kisha akaniambia, "Kaka, hata jina la kituo cha treni usingeweza kulisoma. Ungefanya nini kule?"

Nikarudi Mafinga, nikaenda kujiandikisha darasani.

Siku hizi nasoma pamoja na watoto, wala hawanicheki. Neno la kwanza nililolisoma bila msaada ni lile lililo begani mwa Mama. Picha imo nyumbani kwangu. Wageni huuliza huyo Festo ni nani kwetu. Nimeshika kisu mara nyingi nilikate jina lile... lakini nikilikata, namkata na Mama.

Ndugu zangu mnaosomewa barua hii na mtu mwingine, nawasihi, msione aibu kama nilivyoona mimi. Kesho asubuhi nenda ukaketi na watoto. Usikubali mtu mwingine awe macho yako, hata kama mmekua pamoja. Mimi nilichelewa.